Sprei ya dukani, rangi ya leksani, fundi rangi au stika: bodi ya gari la rimoti ukiwa huku Mtwara upake nini

Wakuu, jumapili kuna dogo kanifata hapa Shangani na bodi mpya ya gari lake la rimoti, ndo kwanza imetoka kwenye boksi, haina rangi yoyote, unaona ng'ambo kama chupa ya maji. Mkono mwingine kashika kopo la sprei nyekundu ametoka kulinunua duka la vifaa vya ujenzi. "Anko nipigie hii kwa juu juu fasta, jioni tukakimbize." Nikamwambia kopo weka chini kwanza tuongee. Na kwa kuwa swali lake nimeulizwa na mwingine wa Lindi wiki hiyohiyo, naliandika hapa lote nisije nikarudia tena kwa sauti za simu.

Kabla hujauliza rangi gani, angalia bodi yako ni plastiki gani, maana rangi iliyo bora kwa moja ndo inayoua nyingine. Kuna leksani, hilo ni jina la biashara la polikaboneti, ile nyembamba, unene wake mara nyingi milimita moja au pungufu, ukiibonyeza inakunja na kurudi, ukiigonga na ukucha inalia kama chupa tupu ya soda. Hizo wanavalishwa magari ya mbio, ya drifti, na mabagi ya kuruka, kwa sababu ni nyepesi na zikigonga ukuta zinabonyea afu zinarudi. Alafu kuna plastiki ngumu, ABS, ambayo wengi huku tumeijulia kwenye magari ya bei nafuu ya kampuni za WPL na MN, vipikapu na Difenda, ina kona kali, milango imechongwa mpaka vitasa, ukiilazimisha kukunja inakatika tah! Kama bodi imeshapakwa na hujui ni ipi igeuze tu uangalie tumboni. Rangi ikiwa kwa ndani na nje ni plastiki tupu inayong'aa hiyo ni leksani, rangi ikiwa juu hiyo ni ngumu.

Leksani tunapaka kwa ndani, ngumu tunapaka kwa nje. Dogo alivosikia kwa ndani akacheka akaona namtania. Ila fikiria, gari likibiringita kwenye lami kinachokwaruzika ni plastiki na rangi iko salama chini yake, na ule mng'ao wa plastiki yenyewe ndo klia yako (ile ya mwisho isiyo na rangi, ya kung'arisha), hujanunua.

Sasa tuje kwenye kupambanisha.

Leksani: sprei ya dukani au rangi yake maalum

Hapa nina kovu kwaiyo nitakaa kidogo. Mwaka juzi nilipata bodi ya leksani ya drifti nikaona hizi habari za rangi maalum ni ujanja wa wauzaji, nikachukua sprei ya bluu ya dukani, tena nilipiga kwa ndani kama inavotakiwa, nikaacha siku mbili. Ilivotoka weee, nilipiga picha kama ishirini hivi. Siku ya kwanza kuikimbiza nikagonga ukingo wa barabara, kagongo kadogo tu, nikaokota gari nikaona bampa la mbele limekuwa kama matope ya bwawa lililokauka, nyufa nyufa, na ukiitikisa bodi inamwaga unga wa bluu. Kwenye wiki ya tatu nikaanza kuona vijistari vyembamba kama nywele kuzunguka yale matundu ya nguzo za bodi pale unapochomeka klipu, baada ya muda tundu moja likachanika mpaka pembeni.

Kilichotokea ni vitu viwili. Sprei ya kawaida ikikauka inakuwa ngumu wakati leksani inacheza, plastiki inakunja rangi inakataa, lazima iachie. Cha pili ni ile tina iliyomo ndani ya kopo, polikaboneti na tina kali haviivi chungu kimoja, inaikausha inakuwa ya kuvunjika badala ya kubonyea. Ndo maana ata kufuta makosa kwa tina kwenye leksani ni mwiko, petroli pia usiguse.

Rangi zenyewe za leksani, zinazojulikana sana ni PS za kampuni ya Tamiya, kopo la mililita 100, hizo zimetengenezwa kung'ata polikaboneti na kubaki laini, unaikunja bodi na rangi inakunja nayo. Ukiagiza angalia herufi vizuri maana Tamiya wana PS na TS, makopo yanafanana utadhani mapacha, PS ni ya leksani na TS ni ya plastiki ngumu. Ukipiga PS kwenye bodi ngumu inaweza kuila, na ukipiga TS kwenye leksani utaokota magamba kama mimi na bluu yangu. Namba za kuanzia: PS-1 nyeupe, PS-2 nyekundu, PS-5 nyeusi, PS-12 silva, na PS-31 ile ya moshi kwa wanaotaka vioo vya tinted.

Kwa ubora basi hakuna ligi hapo, PS imeshinda asubuhi. Shida yetu sisi watu wa kusini ni kuipata. Kopo la sprei lina gesi na linawaka moto, kwenye usafiri wa ndege linahesabika mzigo hatari, kwaiyo wauzaji wengi wa nje ukiweka kopo kwenye oda wanakwambia hatutumi, na jamaa yako anayekuja na ndege usimbebeshe atanyang'anywa uwanjani. Inabaki mzigo wa meli mpaka Dar, kutoka Dar ni basi kilomita mia tano na kitu, unasubiri mpaka unasahau uliagiza rangi gani. Na likishafika usiliache kwenye gari juani, makopo haya yanaandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari lililofungwa vioo hapa Mtwara mwezi wa kumi na mbili linachezea hukohuko.

Kwaiyo mimi nasema hivi. Kama gari unalikimbiza kweli, linagonga, linapinduka, subiri PS, ata kama ni mwezi mzima we endesha na bodi ya zamani iliyofungwa selotepu. Kama bodi ni ya kukaa juu ya kabati au ya kupiga nayo picha pale Mikindani kwenye magofu, sprei ya dukani kwa ndani itakusogeza, ila ijaribu kwanza. Kuijaribu ni rahisi na watu hawafanyi: ukikata matao ya magurudumu na zile kingo za chini unabaki na vipande vya leksani, usitupe. Pakaa kipande, acha kilale usiku mzima, asubuhi kikunje mara mbili tatu kwa vidole. Rangi ikibaki endelea, ikidondoka umepoteza kipande cha takataka na bodi yako bado nzima.

Mambo machache ya kupaka maana yanaharibu kazi kuliko ata aina ya rangi. Osha ndani kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, ikauke yenyewe usiifute na kanga yenye manyoya. Ziba vioo kwa ndani. Piga kutoka umbali wa kama sentimita 20 mpaka 30, mikono (yaani matabaka ya rangi) myembamba mingi, mkono mmoja mzito utachuruzika na kwa nje utaona machozi. Na rangi za giza zitangulie. Hapa kichwa kinageuka kidogo kwa sababu unapaka kinyumenyume, rangi ya kwanza kupiga ndo inayoonekana kwa nje, sasa ukipiga njano kwanza afu nyeusi nyuma yake, nyeusi inapenya njano yako inakuwa rangi ya embe lililooza. Anza na nyeusi kwenye michoro, ikauke, ndo uje njano, mwisho ifunike na nyeupe au silva kwa nyuma. Zile rangi za kung'aa kama koti la bodaboda lazima nyuma iwe nyeupe la sivyo zinafifia.

Na ile nailoni nyembamba ya nje. Bodi mpya ya leksani inakuja imevalishwa nailoni ya kuikinga sprei isirukie nje, unaibandua mwisho kabisa. Mi bodi yangu ya kwanza kabisa niliisahau, nikawa najilaumu mbona haing'ai, nikabandika stika zote juu yake, wiki mbili baadae kona ikajiinua nikavuta, ikatoka nailoni na stika zangu zote kama ngozi ya nyoka. Chini yake bodi inang'aa ile mbaya. Nilicheka mwenyewe chumbani.

Njia ya tatu ambayo huku naona tunaidharau

Rangi ya maji ya chupa. Kopo lina gesi ila chupa ya akriliki ya maji haina gesi wala haiwaki, kwaiyo inapanda ndege kama mzigo mwingine. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi hilo peke yake ni jambo kubwa, unaweza kukaa na rangi zako ndani ya wiki chache wakati mwenzio anasubiri meli. Rangi za maji za eabrashi (kile kibunduki kidogo cha kupulizia rangi kwa upepo) kama Createx watu wanazitumia kwenye leksani na zinakaa, mradi uwe umekwangua ndani kidogo kwa sponji ya kijani ile ya kusugulia masufuria, pasipo na vioo lakini, ukikwangua kioo umekwisha, na kila mkono uukaushe kabisa kabla ya mwingine. Ila tusidanganyane, haing'ati kama PS. Kwenye kona zinazogonga mara kwa mara itaanza kuachia, mi naimalizia na mkono wa PS kwa nyuma nikiwa nayo, na mkono wenyewe uwe mwembamba.

Gharama iko kwenye eabrashi na kompresa. Eabrashi ya tundu la milimita 0.3 inatosha kwa kazi zetu. Kompresa kama huna, jamaa yangu anakwenda kwa fundi pancha, anamlipa cha soda, anafunga regyuleta yake mwenyewe anashusha upepo mpaka psi 20 au 30 na kachujio ka maji mbele. Hako kachujio usikaache, hewa yetu imejaa maji, tangi la kompresa la pwani ukilifungua chini linatapika maji, na tone moja likipita kwenye eabrashi linaacha jicho katikati ya boneti. Na kabla hamjauliza, hapana, mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho haiwezi kuwa kompresa ya eabrashi, kuna mtu aliniuliza yuko siriasi kabisa.

Brashi ya mkono je? Kwa kuwa unapaka ndani, mabonde ya brashi kwa nje hayaonekani, kinachoonekana ni pale rangi ilipokuwa nyepesi, ukiinua bodi kwenye mwanga unaona mistari. Mikono minne mitano inaziba. Kwa michoro midogo, namba za mlangoni, taa, brashi inatosha sana. Bodi nzima mtu mwenye haraka ataichukia.

Bodi ngumu: hapa kopo la dogo ndo lina kazi

Kwenye WPL, MN na bodi zote za ABS mambo yanageuka, sprei ya duka la vifaa vya ujenzi inafanya kazi nzuri tu na sioni sababu ya mtu kusubiri meli. TS ni laini zaidi, inalala vizuri, na klia yake TS-13 ni ngumu inang'aa kweli, ukiwa nazo poa, ila tofauti ya TS na sprei ya kawaida kwenye bodi ngumu ni ndogo kuliko tofauti ya mtu aliyepiga msasa na ambaye hakupiga. Msasa wa maji namba 400 au 600, sugua mpaka mng'ao wa kiwandani ufe, osha, praima, rangi mikono miwili mitatu myembamba, klia. Mkono wa kwanza uwe kama umande tu, maana sprei nyingine zina tina kali na ukizimwaga nyingi zinalainisha ABS, jaribu chini ya bodi kwanza pasipoonekana.

Adui wa hapa ni hali ya hewa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne mvua zikiwepo hewa ni nzito, ukipiga sprei siku hizo rangi inaganda na ukungu mweupe juu kama majivu, hasa nyeusi. Mi kazi za sprei naziweka kipupwe, mwezi wa sita kuendelea. Ila kipupwe nako kuna kusi, upepo unaokota mchanga wa pwani unakuja kuulaza kwenye boneti mbichi, kwaiyo napiga asubuhi saa moja mpaka saa tatu kabla haujachangamka, afu bodi inaingia ndani ya boksi la kartoni inakaukia humo. Wa Masasi na Newala nyie upepo wa chumvi hamna ila vumbi lenu jekundu mnalijua wenyewe.

Au mpelekee fundi rangi wa magari?

Niliwahi kumpelekea mmoja Difenda ya MN. Kwanza alicheka, akaita wenzake wote waje waone gari la mteja. Baadae akaichukua kwa heshima kabisa, akaipiga kijani ya mabaki ya gari la mtu, na klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), ile inayokauka ngumu kama kioo. Rangi ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga mimi, petroli ikimwagikia haistuki. Sasa nikaigeuza pembeni, milango haipo! Bunduki yake imezoea boneti la Prado, rangi imelala nene imeziba mistari yote ya milango na bawaba na zile riveti ndogo, Difenda yangu imekuwa kama imemwagiwa uji. Ukienda kwa fundi basi mwambie mikono miwili tu myepesi na bunduki ndogo, na asiipake puti hata kama anaona kakovu. Na leksani usimpelekee kabisa, atakuonyesha rangi ya gari yenye gloss ya kufa mtu na itafanya yaleyale ya bluu yangu. Ukikaa nae wakati anapiga yenye hadina simama mbali au vaa maski ya maana yenye vichujio, kile kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii ule moshi, na sio moshi wa kuchezea.

Stika

Stika sizidharau. Wale vijana wanaokata stika za bajaji na bodaboda kwa mashine wanaweza kukukatia namba, mistari, ata jina la kilabu yako kwa bei ya kawaida, na ni njia pekee ambayo hainuki, mke halalamiki. Kwenye sehemu bapa za pikapu ngumu stika inapendeza kuliko rangi. Kwenye bodi ya drifti yenye mikunjo mingi lazima uipashe na draya ya nywele ili ivute, draya iwe ya vuguvugu, na hata hivyo kona zitajiinua. Ukiendesha pwani ya Shangani mchanga unaingia chini ya ukingo, siku ya pili stika ina ndevu. Mi naitumia juu ya rangi, sijawahi kuitegemea ibebe bodi nzima. Na usibandike kabla ya kubandua ile nailoni, nishasema.

Anayeanza kabisa na hana hela, nunua pikapu ngumu, msasa, kopo la dukani na stika za bajaji, utakuwa na gari zuri wikiendi hii. Mwenye leksani anayekimbiza asubiri PS au aanze kukusanya vifaa vya rangi ya maji. Mwenye leksani ambayo tayari imechanika, paka rangi kwanza ikauke maana gundi ikitangulia itaonekana kwa nje, ndo ufunike ufa kwa ndani juu ya rangi na kipande cha chandarua na gundi ya viatu ile inayobaki laini, inashika ajabu.

Dogo mwenyewe tukaishia kumalizia kopo langu la PS-2 lililokuwa na theluthi hivi, likatosha mbele mpaka milangoni, nyuma tukapiga nyeupe, ukikodoa macho unaona nyekundu ilipoanza kukonda. Anasema ndo staili. Kopo lake la dukani alilipiga kwenye madigadi ya baiskeli ya baba yake, sijui kama aliomba.